Majira kwenye bamba la shaba: baridi na kiangazi katika chapa za Haarlem

Chukua chapa mbili za Uholanzi za miaka ya 1610, yaani picha zilizochapwa kwa wino kutoka kwenye bamba la shaba, moja ya Januari na moja ya Julai, kisha ufunike watu wote kwa vidole. Ondoa wanaoteleza kwenye barafu, ondoa wanaokata majani. Kama chapa zimetoka vizuri, bado utajua ipi ni ya baridi na ipi ni ya joto, ingawa rangi hakuna, ni wino mweusi na karatasi tu. Kilichobaki mbele yako ni nafasi kati ya mstari na mstari, pamoja na kina cha kila mstari ndani ya shaba. Humo ndimo majira yalimo. Wengi wanaoandika kuhusu chapa hizi huliruka jambo hili na kukimbilia kuhesabu watu wenye viatu vya barafu.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Chapa ya asidi haichongwi. Bamba la shaba hupakwa nta ya kinga, mchoraji anaikwaruza nta kwa sindano mpaka shaba ionekane, kisha bamba linatiwa asidi. Asidi inakula pale tu sindano ilipopita. Baadaye nta husafishwa, wino hujazwa kwenye mifereji midogo iliyoliwa, uso hufutwa, karatasi yenye unyevu hulazwa juu, na vyote hupitishwa kwenye mashine ya rola mbili. Kuchonga kwa burini ni ufundi mwingine kabisa: fundi anasukuma chuma chenye ncha na kung'oa shaba, na mstari wake unaanza mwembamba, unanenepa, halafu unaisha kwa ncha kali. Mstari wa asidi una unene mmoja toka mwanzo hadi mwisho na ncha zake ni butu. Shika tofauti hiyo, maana tutairudia kwenye matawi ya miti.

Kabla ya Haarlem, mji wa Holland, kulikuwa na Antwerp, mji ulio kusini zaidi. Mchoraji Pieter Bruegel alichora Machipuko mwaka 1565 na Kiangazi mwaka 1568, akafariki mwaka 1569 kabla ya kumaliza seti. Mchapishaji Hieronymus Cock akamwita Hans Bol achore Mapukutiko na Baridi, na zote nne zikatoka mwaka 1570, zikiwa zimechongwa kwa burini na Pieter van der Heyden. Kule watu ndio wakubwa. Kwenye Kiangazi cha Bruegel mvunaji anakunywa kutoka kwenye mtungi akiwa amekaa mbele kabisa, na mguu wake pamoja na mundu wake mrefu vinatoka nje ya mpaka wa picha. Ardhi iko nyuma yake, lakini mgeni rasmi ni yeye.

Antwerp ilipoangukia mikononi mwa Wahispania mwaka 1585, wachoraji na wachapishaji wengi walihamia kaskazini. Kisha ukaja mkataba wa kusitisha vita wa miaka 12, kuanzia 1609 hadi 1621, na watu wa mjini wakaanza kutoka nje ya kuta kutembea bila hofu ya askari. Claes Jansz. Visscher, mchoraji na mchapishaji wa Amsterdam, aliielewa biashara hiyo mapema kuliko wengine. Karibu na mwaka 1611 au 1612 alitoa mfululizo mdogo wa sehemu za kupendeza kandokando ya Haarlem, na mwaka 1612 akachora upya mandhari ndogo za vijiji vya Brabant ambazo Cock alikuwa amezitoa mwaka 1559 na 1561. Mwaka huohuo wa 1612, Esaias van de Velde, Willem Buytewech na Hercules Segers waliingia kwenye chama cha mafundi cha Mtakatifu Luka mjini Haarlem. Jan van de Velde, ndugu wa ukoo wa Esaias, aliingia mwaka 1614 baada ya kufundishwa na Jacob Matham, ambaye alikuwa mchongaji wa burini. Huyu Jan ndiye aliyezama zaidi kwenye majira: ana miezi 12, ana majira manne ya mwaka 1617, ana mifululizo ya mandhari isiyoisha. Baba yake alikuwa mwalimu maarufu wa mwandiko, na ukiitazama mistari ya mlalo ya mwanawe, iliyonyooka na kufuatana kwa nafasi sawa, utajua nidhamu ile ilitoka nyumbani.

Sasa, kazi za miezi. Seti za miezi zilirithi ratiba ya zamani: Januari ni moto wa nyumbani au barafu, Februari ni kuokota kuni na kupogoa, Machi ni kulima bustani, Aprili na Mei ni ng'ombe kutoka zizini na wapenzi kutembea, Juni ni kukata manyoya ya kondoo, Julai ni majani ya kukausha, Agosti ni nafaka, Septemba ni matunda na kupanda, Oktoba ni divai, Novemba ni kuchinja, Desemba ni kuni tena. Usiichukue ratiba hii kama ripoti ya afisa kilimo. Oktoba ya divai, kwa mfano, ni mazoea ya picha tu. Divai ya Waholanzi ilikuja kwa mapipa kutoka bondeni mwa Rhine na Ufaransa, na shamba la mizabibu lingekuwa kioja kwenye tambarare ya Holland iliyojaa maji. Novemba ndiyo ya kweli tupu. Ng'ombe madume waliletwa kutoka Denmark wakati wa machipuko, wakanenepeshwa malishoni kiangazi chote, wakachinjwa majani yalipoisha. Nguruwe naye alingojea zamu hiyohiyo. Rembrandt, mchoraji maarufu wa Amsterdam, ana chapa ya mwaka 1643 yenye nguruwe amelala amefungwa miguu huku watoto wakiwa nyuma yake. Mwezi haukuandikwa popote, lakini mnunuzi wa wakati ule hakuhitaji kuandikiwa. Adriaen van Ostade naye alichora chapa ya asidi ya uchinjaji wa nguruwe kijijini, na huyu hakuona haja ya kuipamba.

Tarehe zenyewe zilikuwa na matatizo yake. Jimbo la Holland lilihamia kalenda ya Gregori mwishoni mwa mwaka 1582 na mwanzoni mwa 1583, ilhali Utrecht, Gelderland na Friesland zilibaki na ya zamani hadi 1700 na 1701. Mkulima wa Utrecht na mnunuzi wa chapa wa Haarlem walitofautiana siku kumi kuhusu lini Julai inaanza.

Kuna alama nyingine za majira ambazo si kazi ya mtu yeyote pichani, nami ndizo ninazozipenda. Ya kwanza ni ghala la majani makavu. Waholanzi walilijenga kwa nguzo nne au zaidi, na paa lake halikugongomelewa: lilipandishwa na kushushwa kwenye nguzo na kuzuiliwa kwa pini zilizopita kwenye matundu. Majani yakijaa, paa linapanda hadi karibu na ncha za nguzo. Mifugo ikila wakati wa baridi, paa linashushwa kidogo kidogo lisiache nafasi ya mvua na upepo. Kwa hiyo nguzo ndefu tupu zinazochomoza juu ya paa lililo chini ni dalili ya mwisho wa baridi au machipuko, na paa lililo juu lenye tumbo la majani chini yake ni Agosti au Septemba. Si kila mchoraji alijali, ila mwenye macho ya shamba alijali.

Ya pili ni mierebi. Mierebi ya kando ya mifereji ilikatwa vichwa kila baada ya miaka michache, wakati wa baridi, ili fito zake zitumike kwa uzio na vikapu. Shina lenye kichwa kama ngumi, lisilo na kitu juu, limekatwa majuzi. Shina lenye nywele fupi zilizosimama limeshapita msimu mmoja au miwili. Kwenye chapa ya machipuko fito hizo huchorwa kwa mistari mifupi iliyonyooka bila majani, na wengi huidhania ni baridi.

Ya tatu ni kivuli, na hapa wachoraji wengi wanadanganya. Haarlem iko kwenye latitudo ya nyuzi 52 na kidogo kaskazini. Siku fupi kuliko zote, jua la mchana linapanda nyuzi 14 tu juu ya upeo, na mtu anaangusha kivuli chenye urefu wa karibu mara nne ya kimo chake. Siku ndefu kuliko zote jua linafika nyuzi 61, na kivuli cha mchana ni kama nusu ya kimo. Sasa pima kwa rula vivuli vya wavunaji wa Agosti kwenye chapa unazozijua. Mara nyingi utakuta virefu, vya asubuhi au jioni, kwa sababu kivuli kirefu hulaza ardhi na kuipa kina, na mchoraji alihitaji kina kuliko saa sahihi. Upande nao usiuamini. Chapa ni kinyume cha bamba: aliyechora moja kwa moja kwenye nta bila kugeuza mchoro, kulia kwake ndiko kushoto kwako. Mandhari ya Amsterdam ya Rembrandt, ya karibu mwaka 1640, iko kinyume na mji ulivyo. Kwenye picha za mavuno kipimo ni mkono: mkata majani wa mundu mrefu kwa kawaida hufagia kutoka kulia kwenda kushoto. Ukimwona anafagia kwenda kulia, huenda si mtu wa mashoto, bali bamba halikugeuzwa.

Turudi kwenye mstari. Theluji na barafu kwa kawaida hazichorwi. Ni karatasi iliyoachwa wazi. Lakini karatasi hiyohiyo ndiyo iliyo juu kwenye anga, sasa nini kitaifanya ya chini iwe nyeupe kuliko ya juu? Jibu ni kuweka kivuli angani: mistari ya mlalo, myembamba, yenye nafasi sawa, inayolifanya anga liwe kijivu kizito mpaka barafu iliyo chini iwake bila kuguswa. Kiangazi ni kinyume. Anga linaachwa tupu au linapewa mawingu kwa mistari michache ya kuzunguka, na ardhi ndiyo inayojazwa: majani, miganda, nyasi, vichaka, kila kimoja na aina yake ya mkwaruzo. Chora kijiji hichohicho mara mbili kwa kanuni hizi mbili na utapata majira mawili hata kabla hujaweka mtu.

Barafu hutofautishwa na theluji kwa vitu vidogo. Barafu huwekewa vistari vifupi vya mlalo chini ya miguu na chini ya mashua zilizonasa, vinavyosomeka kama mwakisi. Theluji haina mwakisi, ina ukingo tu: mstari mmoja uliokatikakatika juu ya paa, na kivuli kizito chini ya mapaa kinachoonyesha unene wake. Kosa la wanaoanza ni kuizungushia theluji mstari mzima. Mstari mzima unaigeuza kuwa plasta.

Matawi matupu ndiyo mtihani. Tawi linapaswa kukonda kuelekea nchani, na mstari wa asidi, kama tulivyosema, haukondi wenyewe. Kuna njia tatu. Unaweza kutumia sindano mbili, nene kwa shina na nyembamba kwa vitawi. Unaweza kuvichora vitawi mwishoni, baada ya shina kuliwa kiasi, ili vipate muda mfupi kwenye asidi. Au unamalizia ncha kwa burini baada ya nta kutoka. Jan van de Velde, aliyekulia kwenye burini, anachanganya asidi na burini waziwazi, na mistari yake inavimba na kukonda kwa mpangilio. Esaias hakujali urembo huo. Yeye anakatakata mstari, anatia nukta, anaacha nafasi, na upepo unapita katikati ya miti yake. Buytewech naye, kwenye mandhari zake ndogo za mwaka 1616, ana miti mirefu myembamba inayoyumba kana kwamba inacheza. Kwa ukweli wa baridi namchagua Esaias. Baridi ya Jan ni safi mno, kila kitu kimepigwa pasi.

Kiangazi kigumu zaidi kuchora ni cha mvua. Chapa ya Rembrandt inayoitwa Miti Mitatu, ya mwaka 1643, yenye ukubwa wa sentimita 21 kwa 28 hivi, ina kona ya juu kushoto iliyokatwa kwa mistari mirefu iliyonyooka ya mshazari. Ndiyo mvua ya dhoruba inayoondoka au inayokuja, watu bado wanabishana. Mistari ile ni migumu kwa makusudi, haina huruma ya mkono, na inafanya kila jani upande wa kulia lionekane laini. Angalia kwa kioo cha kukuzia: kuna mvuvi na mwanamke kando ya maji, kuna wapenzi waliojificha kichakani kulia, na juu ya kilima amekaa mtu anayechora, ameupa mgongo mkasa wote.

Sasa kwenye bamba. Ukitaka kujaribu mwenyewe, shaba ya unene wa milimita 1 inatosha. Piga kingo zake tupa kwa mteremko wa nyuzi 45, pande zote nne, la sivyo zitakata karatasi na blanketi za mashine. Sugua uso kwa unga wa chokaa na amonia kidogo mpaka maji yatandae bila kujikusanya matone. Maji yakijitenga, mafuta bado yapo, na penye mafuta nta haitashika.

Nta ya kinga ina vitu vitatu: nta ya nyuki, utomvu wa mastiki na lami ya asili. Kichocheo kimoja cha Kiingereza cha karne ya 17 kinachohusishwa na jina la Rembrandt kina nta sehemu mbili kwa mastiki sehemu moja na lami au kaharabu sehemu moja. Yeyusha kwa moto mdogo, lami kwanza kwa sababu ndiyo yenye kiburi, nta mwisho. Mimina kwenye maji ya uvuguvugu, finyanga vidonge, funga kimoja kwenye kitambaa cha hariri. Pasha bamba mpaka kidonge kikigusa kiyeyuke, pitisha, kisha gonga-gonga kwa kifuko cha ngozi laini mpaka koti liwe sawa na jembamba. Ligeuze likiwa bado moto na ulifukize kwa mishumaa iliyofungwa pamoja mpaka masizi yaingie kwenye nta na uso uwe mweusi unaong'aa. Usiache mwali usimame mahali pamoja. Nta ikiungua hupoteza mng'ao, na hapo itabanduka mbele ya asidi.

Mafundi wa zamani walibadilisha kipimo cha nta kufuata hali ya hewa. Wakati wa baridi koti linakuwa gumu na kumeguka pale mistari inapokatana, kwa hiyo nta inaongezwa. Wakati wa joto linalainika na kushika alama za kiganja, kwa hiyo nta inapunguzwa na utomvu kuzidishwa. Anayefanya kazi Mombasa au Dar es Salaam kwenye nyuzi 32 yuko kwenye kiangazi cha kudumu: apunguze nta na achore asubuhi.

Chora bila kukandamiza. Sindano ifungue nta na kuigusa shaba, basi. Ukiichimba shaba, mstari uliochimbwa utaliwa haraka kuliko wenzake na hutaweza kupanga vina.

Abraham Bosse, aliyechapisha kitabu chake cha ufundi Paris mwaka 1645, anaeleza asidi ya siki kali, salamoniaki (aina ya chumvi ya amonia), chumvi na kutu ya kijani ya shaba, inayomwagwa tena na tena juu ya bamba lililoinamishwa. Asidi ya nitriki nayo ilitumika, ila inatoa mapovu juu ya mistari na lazima yaondolewe kwa unyoya. Povu likikaa, chini yake shaba hailiwi na mstari unatoka na pengo. Kwa leo nashauri kloridi ya feri, ileile ya kutengenezea bodi za saketi za elektroniki. Ongeza mabonge kwenye maji kidogo kidogo kwa sababu yanatoa joto, vaa glavu na miwani, tumia chombo cha plastiki. Sehemu nne za mchanganyiko wa asilimia 40 kwa sehemu moja ya maji ya asidi ya sitriki (unga kipimo kimoja kwa maji vitatu) huzuia tope la kahawia lisizibe mistari. Bila sitriki, laza bamba kifudifudi juu ya vijiguu vya mkanda wa plastiki ili tope lidondoke. Usiimwage kwenye sinki ikishachoka, ina shaba ndani yake na itaharibu bomba pia.

Kabla ya picha yoyote, fanya bamba la majaribio. Kipande cha sentimita 10 kwa 10, chora vipande saba vya mistari ileile, toa na uzibe kimoja kimoja kwa vanishi kwenye dakika 3, 6, 12, 20, 30, 45 na 60. Kichape na ukitundike ukutani. Joto la chumba likibadilika nyuzi kumi, kitundike kingine.

Kina cha majira kiko kwenye milo hii, yaani vipindi ambavyo asidi inakula bamba. Bamba la baridi linahitaji pengo kubwa kati ya mlo wa kwanza na wa mwisho. Mnara wa kanisa wa mbali na anga: dakika 3 hadi 5, kisha ziba. Nyumba za kati na watu wadogo kwenye barafu: fika 15, ziba. Mashua iliyonasa na shina la mbele: mpaka 45. Kwa pengo hilo mbali panafifia kwenye ukungu na mbele panasimama peke yake, na katikati ni weupe. Bamba la kiangazi ukilipa pengo lilelile utapata ukungu usiotakiwa. Huko pengo liwe dogo, tuseme 8, 18 na 30, na ujazo wa mistari ufanye kazi iliyobaki.

Mambo yanayoharibika yana majira pia. Vipele ni nukta nyeusi zinazotokea pale nta ilipokuwa nyembamba au shaba ilipobaki na mafuta, asidi ikapenya. Kwenye kiangazi vinapotea ndani ya nyasi. Kwenye theluji kila kipele ni inzi. Dawa ni kukwangua kwa kisu cha pembe tatu na kulainisha kwa chuma kilichong'arishwa pamoja na mafuta, na ni kazi ya saa nzima kwa nukta tatu. Kinyume chake, kidonda ni balaa la kiangazi: umekatiza mistari mingi mno kwenye kivuli cha kichaka, asidi ikala pembeni mpaka kuta ndogo kati ya mistari zikaanguka, na sasa kuna shimo pana lisiloshika wino. Linachapa kijivu katikati na jeusi kwenye ukingo. Hapo hakuna kukwangua. Unachora mistari mipya ndani ya shimo kwa burini, au unalilisha upya. Kinga ni kuweka mistari ya mwelekeo mmoja kwenye mlo mrefu, na ya kukatiza kwenye mlo mfupi.

Wakati wa kuchapa, wino uwe mzito, wa mafuta ya kitani yaliyopikwa. Futa kwa shashi ngumu kwa mzunguko, kisha kwa kiganja kilichoguswa chaki. Bamba la theluji lifutwe hadi liwe safi, maana utando wowote wa wino unaoachwa unageuza Januari kuwa jioni ya Novemba. Wachapishaji wa Amsterdam kwa kawaida walifuta safi. Rembrandt ndiye aliyecheza na utando.

Mwisho, ukinunua au ukilinganisha chapa mtandaoni, kumbuka kwamba mistari iliyokula muda mfupi ndiyo inayochakaa kwanza. Bamba linafutwa kwa mkono kila linapochapwa, na anga la dakika 3 halivumilii mamia ya kufutwa. Chapa ya mwisho mwisho ya mwezi wa baridi hupoteza anga lake la kijivu, na theluji inaacha kuwaka kwa kuwa kila kitu ni cheupe sasa. Mabamba yalirithiwa na kuuzwa. Ya Visscher yaliendelea kwa mwanawe na mjukuu wake, hadi mwisho wa karne. Mara nyingi mrithi aliifufua mistari iliyofifia kwa burini, na hapo utaiona: mistari yenye ncha kali juu ya mizimu ya mistari butu. Jumba la makumbusho la Rijksmuseum, Amsterdam, limeweka picha kubwa za chapa zake bure mtandaoni. Fungua nakala mbili za bamba moja, kuza kona zote mbili za juu hadi mwisho, kisha ukuze mnara ulio mbali. Iliyo na mistari kamili hapo ndiyo ya mapema, hata kama karatasi yake imechafuka na ya pili ni safi. Ukipata nafasi ya kushika karatasi yenyewe, iinue mbele ya mwanga: karatasi ya wakati ule ina mistari ya mnyororo (alama za waya za fremu ya kutengenezea karatasi) iliyoachana kwa milimita 20 hadi 30 hivi, na pengine alama ya maji, kofia ya mchekeshaji au ngao ya Amsterdam. Karatasi laini isiyo na mistari hiyo ni ya karne za baadaye, haidhuru muuzaji ameandika nini nyuma.